Siku Tatu Juu ya Shengena

Landrova ya polisi iliwashusha pale barabara ilipokatikia, juu kidogo ya Bombo, saa moja na nusu asubuhi ya Jumanne. Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya miguu. Ulikuwa mwezi wa Julai, na ukungu ulikuwa umeifunika migomba hata nyumba za jirani hazikuonekana. Zilisikika tu, jogoo hapa, mtu akikohoa pale.

"Tutapanda kama mlivyopanda Jumamosi," Sajini Mbaraka aliwaambia. "Aliyetangulia atangulie, aliyefuata afuate. Mlipopumzika tutapumzika, mlipokula tutakula. Maneno nimeshayasikia ya kutosha. Leo nataka kuona."

Walikuwa watatu, wamesimama mbalimbali kama watu wasiojuana.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Yudith, wa shule ya msingi ya Vumbwe, msichana mrefu aliyevaa sweta la kijivu, macho yamemvimba kwa kulia. Wa pili alikuwa mchumba wake, Ebenezer, dresa, yaani mganga msaidizi, wa zahanati ya Vumbwe. Kijijini walimwita Daktari, naye hakuwasahihisha. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, mzee wa kanisa, aliyefiwa na mkewe Lea mwezi wa Machi na aliyetarajia kufunga ndoa na Yudith mwishoni mwa Agosti. Wa tatu alikuwa mzee Manase, mlinzi wa msitu wa serikali. Huyu alikuwa na pingu mikononi, na Konstebo Asheri alimshika koti kwa nyuma.

Jumamosi walipanda wanne. Wa nne alikuwa Eliakunda, rafiki wa Yudith, nesi msaidizi wa zahanati, umri miaka ishirini na miwili. Yalikuwa matembezi tu. Watu wa kazi walipata siku ya mapumziko, wakafunga chakula kwenye kikapu, wakamwomba mlinzi awaongoze hadi karibu na kilele cha Shengena ili wakaone nchi iliyo chini, nyika za Mkomazi upande mmoja na Kilimanjaro upande wa pili kama mawingu yangeruhusu. Walikusudia kurudi kabla ya jua kuzama. Walirudi, lakini watatu.

Jumapili polisi walikwenda. Kwenye ukingo wa genge liitwalo Mwamba wa Kuchungulia waliona kitambaa cha kichwa cha Eliakunda kikining'inia kwenye kichaka, chini kidogo ya ukingo, mahali ambapo hakuna konstebo aliyethubutu kushuka. Nyumbani kwa Manase waliona panga lenye damu. Walipomuuliza damu ile ni ya nini, alinyamaza. Na kijiji kizima kilijua kwamba miaka mitatu nyuma Manase ndiye aliyemkamata baba yake Eliakunda kwa kukata mti wa mkulo ndani ya mipaka ya msitu. Yule baba alifungwa miezi sita, akatoka mgonjwa, akafa.

Bwana Inspekta, Mwingereza wa pale Same, aliona hayo yanatosha. "Jumatano asubuhi huyu mlinzi atasimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuua," alimwambia Mbaraka jana yake. "Kama una zaidi ya hapo, una siku moja."

Mbaraka hakuwa na zaidi. Alichokuwa nacho ni kitu kimoja kilichokosekana. Makonstebo walikuwa wameupekua mguu wa genge lile Jumapili nzima na Jumatatu nzima, jiwe kwa jiwe. Hawakukuta mwili, wala kiatu, wala tone la damu, wala tai angani.

"Mzee Manase, tangulia," alisema. "Mwalimu, wewe wa pili. Wa tatu alikuwa nani?"

"Eliakunda," Yudith alisema kwa sauti ndogo. "Na Ebenezer nyuma yake, wa mwisho."

"Basi wa tatu nitakuwa mimi."

Wakaingia msituni.

Mbaraka alikuwa mzaliwa wa Korogwe, mtoto wa tambarare za mkonge. Msitu huu hakuuzoea. Miti ilikuwa minene hata watu wanne wasingeweza kuizungushia mikono, na yote imevaa ndevu za kuvu zinazodondosha maji. Njia ilikuwa nyembamba, upande wa kushoto ukuta wa udongo, upande wa kulia ukungu mtupu. Alitupa kijiwe upande wa kulia akasikiliza. Hakukisikia kikifika.

Alikuwa akitembea mahali pa yule msichana, akiona alichokiona yeye: mgongo wa Yudith, basi. Na nyuma yake akisikia alichokisikia yeye. Viatu vya Ebenezer vilikanyaga polepole, kwa kipimo kimoja. Mbaraka aliposimama, navyo vilisimama. Mara mbili alihisi pumzi ya mtu kwenye shingo yake, akageuka, akamkuta dresa yuko hatua mbili nyuma, anatabasamu kwa huruma.

"Usitazame chini, Sajini. Wageni wote huwa hivyo."

Walipumzika kwenye kijito, pale pale walipopumzika Jumamosi. Konstebo Asheri aligawa viazi vitamu vilivyochemshwa. Manase alipewa vitatu. Alimenya kimoja kwa mikono yake yenye pingu, akala. Viwili akavitumbukiza mfukoni mwa koti kwa siri, akainua macho, yakakutana na ya Mbaraka. Manase aliangalia pembeni haraka.

Mbaraka alimgeukia Ebenezer, aliyekuwa ameufungua mkoba wake wa ngozi na kupanga vitu vyake juu ya kitambaa cheupe.

"Umebeba nini humo?"

"Bandeji. Iodini. Na hii." Alionyesha kisanduku cha bati, ndani yake bomba la sindano limelala juu ya pamba, limejaa maji meupe. "Dawa ya kuamsha moyo. Nimelijaza kabisa nyumbani ili tusipoteze muda."

"Unatarajia kumkuta hai?"

"Ninaomba, Sajini. Lakini nikuambie ukweli wa kazi yangu. Mtu aliyelala siku tatu kwenye baridi hii, hata ukimkuta hai, anaweza kukukatikia mikononi. Ukimgusa tu. Nimeshaona." Aliufunga mkoba. "Nakutayarisha tu, usije ukajilaumu."

Yudith alijiinamia akalia. Ebenezer alimfunika mabega kwa koti lake mwenyewe.

Saa tano na nusu walitokeza Mwamba wa Kuchungulia. Msitu uliishia ghafla, kukawa na uwanja mdogo wa nyasi, na baada ya nyasi jiwe kubwa jeusi lililojitokeza nje kama ulimi. Baada ya jiwe hakukuwa na kitu. Ukungu ulipasuka kidogo na Mbaraka akaona, chini sana, mto kama uzi. Alirudi nyuma hatua tatu, akatoa daftari ili mikono yake ipate kazi.

"Kaeni kama mlivyokaa."

Yudith alikaa kwenye nyasi, akaonyesha mahali kikapu kilipowekwa. Manase alikwenda kusimama ukingoni mwa msitu, mbali, mahali alipokuwa akivuta kiko chake siku ile. Ebenezer alikaa kando ya Yudith.

"Daktari, maelezo yako ya Jumapili yanasema baada ya kula hukuondoka hapo."

"Sikuondoka."

"Na Eliakunda?"

"Alisema anakwenda kujisaidia. Hakurudi. Ukungu ukashuka. Tukaita mpaka sauti zikatukauka."

Yudith aliinua kichwa. "Lakini wewe na yeye mlikwenda kwenye jiwe kwanza. Ulisema unataka kumwonyesha Mkomazi." Alikuwa hamshitaki; alikuwa akimkumbusha, kama mtu anavyomkumbusha mwenziwe alikoacha mwavuli. "Mimi nilikuwa nafunga kikapu. Nikawaita, chai inapoa. Wewe ukarudi, ukasema anakuja."

Maji yalidondoka kwenye majani.

"Kweli," Ebenezer alisema. "Dakika moja au mbili. Huzuni inasahaulisha, Sajini."

Mbaraka aliandika. Kisha alifanya jambo ambalo tangu asubuhi alikuwa akiliahirisha. Alivua kofia, akalala kifudifudi juu ya lile jiwe jeusi, akajikokota kwa viwiko mpaka kichwa chake kikatokeza nje ya ukingo. Upepo kutoka chini ulimpiga usoni. Jasho lilimtoka na baridi yote ile. Kichaka kilikuwa zaidi kidogo ya mkono mmoja chini yake, na kitambaa chekundu chenye maua meupe kilikuwa kimelowa juu ya tawi. Alinyoosha mkono. Havikufika vidole. Akajisogeza tena, kifua kikawa nje.

Mkono wa mtu ukatua mgongoni mwake.

Ulikuwa mkono mwepesi, wenye joto, katikati ya mabega. Haukusukuma. Ulikaa tu.

"Taratibu, Sajini," sauti ya Ebenezer ilisema juu yake. "Jiwe lina utelezi."

"Konstebo Asheri!" Mbaraka aliita, na sauti ikamtoka nyembamba. "Njoo unishike miguu!"

Buti za Asheri zilikuja mbio. Ule mkono ukaondoka. Mbaraka alifumba macho, akafumbua, akajilazimisha kutazama alichokuja kutazama. Kitambaa hakikuwa kimenaswa na tawi. Kilikuwa kimefungwa, mafundo mawili, moja juu ya jingine, ncha zimevutwa zikakaza kwa nguvu. Alifungua kwa shida kubwa, akarudi nyuma kwa tumbo, akakaa kwenye nyasi huku akihema.

Na hapo, kwa furaha ya kuwa hai na ya kuona kitu ambacho makonstebo wote hawakukiona, akafanya kosa.

"Hakuanguka," alisema kwa sauti kubwa. "Mtu anayeanguka hafungi kitambaa chake mafundo mawili. Alikifunga mwenyewe, kwa kulala kama nilivyolala mimi, ili tudhani ameanguka. Huyu msichana amejificha."

Yudith aliruka kwa miguu yote miwili. "Yu hai! Basi najua alipo! Mashimo ya wapasua mbao! Baba yake alikuwa mpasua mbao huku kabla serikali haijafunga msitu. Kuna kibanda chao cha zamani, chini ya maporomoko, alinisimulia njiani. Alisema akiwa mtoto alilala humo!"

Mbaraka alimtazama Manase. Alitegemea kuona uso wa mtu aliyeokolewa, kwani kama msichana yu hai basi hakuna aliyeuawa, na pingu zile zingefunguliwa leo leo. Lakini uso wa Manase ulikuwa umekuwa wa kijivu kama majivu. Alikuwa hamtazami sajini. Alikuwa akimtazama dresa.

"Tusipoteze hata dakika," Ebenezer alisema, mkoba tayari begani. "Siku tatu za baridi! Yudith, nionyeshe upande alioutaja."

"Ngojeni," Mbaraka alisema. "Mzee Manase, hivyo viazi viwili umemwekea nani?"

Manase aliufunika mfuko kwa mikono yake yenye pingu.

"Umekaa rumande tangu Jumapili. Mtu wa rumande hulamba hata sahani. Wewe unaweka akiba. Ya nani?"

"Bwana Sajini," mzee alisema taratibu, na macho yake yalikuwa mahali pengine, "ukinipiga nipige. Siwezi kusema mbele ya watu."

"Ile damu kwenye panga?"

"Kuku."

"Kuku gani?"

"Kuku wangu. Nilimchinja Jumamosi jioni. Bwana Sajini, watazame watu wako."

Mbaraka aligeuka. Ukungu ulikuwa umefunga tena, mzito, mweupe, umeingia kati ya miti kama moshi wa tanuru. Konstebo Asheri alikuwapo, amesimama na mdomo wazi. Kwenye nyasi hakukuwa na mtu mwingine.

"Daktari yuko wapi?"

"Ametangulia, afande. Amesema ana dawa. Mwalimu amemfuata mbio."

Ndipo Mbaraka aliposikia baridi iliyopita baridi yote ya mlima ule. Lile bomba la sindano. Lilijazwa nyumbani, asubuhi, kabla hawajaondoka. Kwa siku tatu Ebenezer alikuwa amemwambia kila mtu, polisi, mchungaji, mama wa Eliakunda, kwamba Eliakunda ameanguka kwenye genge la futi mia mbili. Mtu anayeamini hivyo hubeba machela, au sanda. Kwa nini huyu alibeba sindano iliyojazwa? Hakuamini. Aliposikia kwamba mwili haukuonekana alielewa kabla ya polisi wote, akajitolea kuja kusaidia kutafuta, akamwacha sajini mzima amtafutie.

Na sajini mzima alikuwa amemtafutia.

"Amekuwa akikutumia kama mbwa wa kuwinda," Manase alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Baba yake nilimfunga mimi, Bwana Sajini, kwa mti mmoja. Alipokuja kwangu Jumamosi kupitia nyuma ya mti, ananong'ona, nifiche mzee Manase, ataniua, unadhani ningemkatalia? Nilimpelekea kuku na blanketi Jumamosi ile ile. Jumapili nilikuwa niende Same kwa mjomba wake, mkanikamata. Sikusema kwa sababu kila mara nilipoulizwa, yule mtu alikuwa amekaa pale pale, anaandika maelezo yangu kwa kuwasaidia nyinyi. Tangu Jumapili mtoto hajala."

Mbaraka alikuwa ameshatoa ufunguo. Pingu zilianguka. "Kuna njia fupi?"

"Ipo. Si ya mgeni."

"Nipeleke."

Njia ile haikuwa njia. Ilikuwa mfereji wa maji unaoteremka kati ya mizizi, nao waliteremka kwa matako na visigino, Manase mbele, Mbaraka akishika chochote kilichoshikika, Asheri nyuma akiita jina la Mungu wake. Chini yao kitu kilinguruma, maporomoko, na ngurumo ile ilimeza sauti nyingine zote. Mbaraka alitega sikio apate kusikia ukelele. Alijua kwamba kama upo hatausikia. Alijua pia kwamba huenda usiwepo kabisa, maana sindano haina kelele.

Manase aliteleza, akapotea kwenye weupe. Mbaraka alimkuta chini, anachechemea, anaonyesha kwa kidole.

Kilikuwa kibanda cha mabanzi, nusu kimeanguka, kimejengwa kando ya shimo refu ambalo zamani wapasua mbao walisimama wakivuta msumeno. Shimo lilikuwa limejaa majani na maji meusi. Mlango ulikuwa wazi.

Ndani, Eliakunda alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, blanketi la Manase magotini. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Hakuwa akipiga kelele. Mtu aliyechoka kiasi kile hana kelele. Ebenezer alikuwa amepiga goti mbele yake, amemshika mkono wa kushoto kwa upole kabisa, mkono wa gauni umekunjwa, na sindano ilikuwa upana wa kidole kutoka kwenye ngozi. Yudith alikuwa amesimama karibu nao, amejishika mdomo, anacheka na kulia pamoja.

"Tumempata, Sajini!" Yudith alisema. "Ameweweseka tu, anamwogopa hata Ebenezer!"

Mbaraka alikuwa hatua tano kutoka kwao. Hakuwa na bastola. Sajini mweusi hakupewa bastola. Alikuwa na kirungu na hatua tano, na aliona wazi kwamba sindano ingeingia kabla ya hatua ya pili.

Akasimama mlangoni, akaituliza sauti yake ikawa ya kawaida.

"Daktari, ngoja kidogo. Hiyo ni dawa gani?"

"Nimeshakuambia. Ya kuamsha moyo."

"Inafaa kwa mtu yeyote aliyechoka?"

"Yeyote."

"Umepanda mlima tangu asubuhi. Umekimbia. Anza na wewe mwenyewe."

Ebenezer hakugeuka. Alicheka kidogo kwa pua. "Mimi si mgonjwa. Na hii inamtosha mtu mmoja. Tafadhali, Sajini, kila dakika unayonichelewesha unamwua."

"Usimwache anidunge," Eliakunda alisema kwa sauti iliyokauka. "Hivyo ndivyo alivyomdunga Lea. Lea alikuwa amekunywa uji, anacheka. Akamdunga. Hata uji haukupoa."

Mvua ya ukungu ilidondoka kwenye mabanzi. Yudith aliacha kucheka. Alimtazama rafiki yake, akamtazama mchumba wake, akamtazama sajini, na Mbaraka alimwona akitafuta mahali pa kusimama ambapo watu wote wale wangekuwa wanasema kweli. Kisha alipiga hatua moja, akapiga goti kando ya Ebenezer. Akafungua kifungo cha sweta. Akaukunja mkono wake mpaka juu ya kiwiko, akaunyoosha mbele yake.

"Anaumwa homa, hajui asemalo," alisema kwa upole. "Ebenezer, waonyeshe. Nidunge mimi nusu, yeye umalizie. Hawatasema tena."

Ebenezer aliutazama ule mkono.

Mbaraka alipiga hatua moja. Hakuna aliyemwona.

"Shusha mkono, Yudith."

"Nidunge. Kidogo tu. Ni dawa."

"Shusha mkono."

"Kwa nini?" Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini mkono ulikuwa umetulia. "Ebenezer, kwa nini usinidunge?"

"Nimesema shusha mkono!"

Ulikuwa ukelele. Ulitoka kwa mtu ambaye kijiji kizima hakikuwahi kumsikia akipaza sauti, na mle kibandani kila mmoja alielewa kile alichokuwa amekisema. Hata yeye mwenyewe alielewa. Uso wake ulilegea wote, na sindano ikashuka kidogo kutoka kwenye ngozi ya Eliakunda.

Mbaraka alimwangukia. Alimshika kifundo cha mkono kwa mikono yake yote miwili, akaubamiza sakafuni mara moja, mara mbili, vidole vikafunguka. Asheri alikuja juu yao kwa uzito wake wote. Ebenezer hakupigana. Alilala na shavu lake kwenye majani yaliyooza, akasema mara kadhaa, kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo, kwamba Kanisa haliruhusu mtu kumwacha mkewe, kwamba alikuwa ameomba miaka mingi aonyeshwe njia nyingine.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya utaratibu, na Mbaraka aliishukuru. Aliliokota bomba, halikuvunjika, akalirudisha kwenye pamba yake ndani ya kisanduku cha bati, akakifunga kwa uzi, akaandika juu yake saa na tarehe, akatia saini, akamwambia Asheri atie yake. Kisha alichuchumaa mbele ya Eliakunda. Manase alikuwa ameshamenya kiazi na alikuwa akimlisha vipande vidogo vidogo.

"Unaweza kusema maneno machache?"

Aliitikia kwa kichwa. Aliingiza vidole kwenye upindo wa gauni lake, akakata uzi kwa meno, akatoa kichupa kidogo cha kioo kisichozidi kidole, kitupu, karatasi yake bado imeganda ubavuni. Ilikuwa dawa ya kutuliza maumivu makali, alieleza, ile inayofungiwa kabatini, ambayo ufunguo wake anao dresa peke yake. Alikiokota chooni siku Lea alipokufa, kifo ambacho watu waliambiwa ni cha homa. Alikaa nacho miezi minne, hajui amwambie nani, maana mtu wa kuambiwa mambo kama hayo kijijini alikuwa Ebenezer mwenyewe.

"Jumamosi nilikuwa nimeamua kumwambia Yudith," alisema. "Kule juu, mbali na watu. Yeye aliniwahi. Aliniita nikaone Mkomazi. Tuliposimama pale ukingoni akaniuliza, kile kichupa umekiweka wapi. Akaniwekea mkono mgongoni."

Mbaraka alihisi mahali pale kati ya mabega yake pakifa ganzi.

"Halafu?"

"Yudith akaita chai inapoa."

Yudith alikuwa amekaa kwenye pembe ya kibanda. "Mbona hukuniambia siku zote hizo?" aliuliza bila kuinua uso. "Tunalala nyumba moja."

"Ungemuuliza," Eliakunda alisema. "Ungekwenda kwake na uso wako huo wa kuamini, ungemuuliza, na angekujibu vizuri."



Walianza kushuka saa nane. Asheri alitangulia na mtuhumiwa, wamefungwa mkono kwa mkono. Mbaraka alifuata hatua moja nyuma yao, kirungu mkononi. Kila walipofika ukingo, alimsogeza mtu yule upande wa ukuta, maana ukungu bado ulikuwa pale, na kuruka ni hatua moja tu, na aliyefungwa naye alikuwa kijana wa watu. Nyuma alisikia kuchechemea kwa Manase, aliyembeba Eliakunda mgongoni na kukataa kupokewa, na nyuma zaidi nyayo za Yudith.

Kwenye kijito walisimama wanywe maji. Hapo ndipo Mbaraka alipoona kwamba mwalimu alikuwa ametembea njia yote ile, kwa saa mbili, kwenye baridi inayoumiza mifupa, mkono wa sweta ukiwa bado umekunjwa juu ya kiwiko na mkono wenyewe umeubeba mbele yake, mbali kidogo na mwili, kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike. Ngozi ilikuwa imesimama vinyweleo. Alitaka kumwambia. Hakujua aanzie wapi.

Eliakunda alimgusa Manase bega, akateremka kutoka mgongoni mwake. Miguu ilimtetemeka. Alijikokota juu ya mawe mpaka kwa rafiki yake, akaushika ule mkono, akaukunjua mkono wa sweta taratibu, pindo moja baada ya jingine, mpaka kwenye kifundo. Kisha akafunga kifungo. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi; ilimchukua muda mrefu, na wote walisubiri.